Besi ya Nyuzi Mbili

Harufu ya maji ya betri bado hunikaba koo. Juzi nilikuwa Emali, nimeketi ndani ya gari la mwanangu nje ya karakana, fundi akafungua betri ya lori, na harufu ile kali ikaingia dirishani bila hodi. Mwanangu akaniuliza, "Mum, uko sawa? Unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Ukifika umri wetu unajifunza kulisingizia vumbi mambo mengi, na vumbi la Ukambani halijawahi kukataa. Ukweli ni kwamba nilikuwa namlilia kaka yangu Mutinda na besi yake.

Wenzangu mliokulia pande za Kathonzweni enzi zile mtanielewa haraka. Umeme ulikuwa habari ya watu waliofika Nairobi. Muziki wa gitaa ulikuja na betri ya gari iliyofungwa kwenye keria ya baiskeli, na betri ikichoka, dansi imekwisha, kila mtu arudi kwake akiwa na vumbi magotini. Mutinda alikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu na mimi kitinda mimba. Alikuwa mwanamume mzima mimi nikiwa bado napoteza meno ya utotoni. Mchana alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Siku za soko na za harusi alipiga gitaa la solo katika bendi ya mtu mmoja aliyeitwa Kimeu, na hapo ndipo alipoishi kwa kweli. Kuchonga kulimpa chakula tu. Mpe gitaa, umwone mtu mwingine kabisa.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu halikunywa, halikuvuta, na halikutikisa kiuno. Lakini Baba hakuwa mtu wa kelele. Wengine walikuwa na baba waliovunja magitaa, sisi tulikuwa na baba aliyeomba. Kila jioni baada ya kula isyo, mahindi na maharagwe yale yale ya jana, tuliinamisha vichwa naye akaanza kumtajia Mungu shida zetu, kuanzia mvua mpaka ng'ombe. Mwisho alifika kwa Mutinda. "Na mtoto huyu, Bwana, mwondolee muziki. Mwondolee kabisa." Tukasema amina. Mutinda akiwepo alisema amina kwa nguvu kuliko sisi wote, halafu akanikonyeza.

Nami nilikuwa mtu mzito katika nyumba ile, msinione hivi. Nilipewa jina la mama yake Baba, na kwetu mtoto aliyepewa jina la bibi ndiye bibi mwenyewe. Baba aliniita Mwaitũ, yaani mama yangu, na hakuwa anatania. Akitoka safari alinisalimia mimi kabla ya mkewe. Siku akinichapa alizunguka nyumba kwa aibu mpaka jioni, kama mtu aliyemwinulia mamake mkono. Nilijua kabisa kwamba mimi ndiye niliyemzaa, ila nilikuwa nimesahau ilikuwaje.

Kisha Mutinda akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akatema damu, akapelekwa hospitali kubwa mbali na kwetu, akalazwa huko akidungwa sindano kila siku. Aliporudi mashavu yalikuwa yamejaa, kifua kimya, na Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kifua kilikuwa kimepona kweli. Dawa ile iliokoa watu wengi, sina ugomvi nayo. Lakini ilikuwa na bei yake, na kwa kaka yangu ilichukua kutoka masikioni.

Hatukujua mara moja. Nilichokiona mimi ni kwamba alikuwa akiketi nje asubuhi akiitazama miti. Siku moja akaniuliza, "Ndege walienda wapi?" Nikacheka, kwa maana walikuwa juu ya mgunga wanapigana kama wanawake kisimani. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama midomo yao inavyofunguka.

Halafu likaja suala la gitaa. Alikuwa akikaza uzi ule mwembamba kabisa, akiugonga na kusikiliza, akikaza tena. Mimi masikio yalikuwa yakiniuma, uzi unapiga yowe, naye anakaza tu. Ukakatika ukamchapa shavuni, damu ikatoka. Nikacheka tena, maana mtoto hucheka. Hakukasirika. Alifuta shavu, akaushika uzi wa pili, akaukuna, akatikisa kichwa. Akaenda hivyo akishuka, uzi kwa uzi. Alipofika kwenye ule mnene wa mwisho uso wake ukafunguka. Akaupiga tena na tena, taratibu, kama mtu anayebisha mlangoni na kusikia kuna watu ndani.

Wiki hiyo hiyo alimwambia Mama ananipeleka Emali kununuliwa viatu. Viatu sikuviona mpaka leo. Alinipeleka kwenye hoteli moja ya kando ya barabara ya Mombasa iliyokuwa imewahi kuwa na bendi, na ukutani nyuma ya kaunta palikuwa pametundikwa besi ya umeme. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka kama kiazi kilichochemshwa, na nyuzi zilizobaki zilikuwa na kutu. Mwenye hoteli alikuwa mama mnene aliyekuwa akichambua mchele.

"Hiyo iliachwa na watu wa bendi," alisema. "Walipigana juu ya msichana, kila mtu akaenda na njia yake. Haina waya, haina mlio. Mimi naiweka tu ya urembo."

Mutinda alikuwa akimtazama mdomo kwa makini hata yule mama akajipangusa, akidhani ana kitu. Kisha akaomba aishushe. Akailaza juu ya kaunta, akainamisha kichwa, akaweka sikio juu ya ubao wenyewe kama Mama anavyolala juu ya ukuta kusikiliza umbea wa jirani. Akapiga uzi mmoja wenye kutu. Mimi nilisikia *tik*, sauti ya kitu kilichokufa. Yeye alikaa pale pale amefumba macho.

"Iko ndani," alisema. "Yote iko ndani."

Akatoa gitaa lake la solo, lililokuwa zima na zuri ila kwa ule uzi uliokatika, pamoja na gunia la twiga wake wote, akamsukumia yule mama. Mama wa hoteli alitazama gitaa, akatazama besi, akanitazama mimi.

"Kijana, una akili timamu wewe? Unanipatia kuku, unabeba yai viza?"

"Hiyo ndiyo nataka, Mama."

Tukirudi njiani alinishika mkono akaniambia, "Usimwambie Baba kuhusu masikio. Umesikia? Akijua ataacha kulala." Nikamwambia, "Kwani si ni yeye aliomba?" Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaelewa mambo yote. Baba alimwomba Mungu amwondolee Mutinda muziki, na Mungu, badala ya kuchukua gitaa, amechukua masikio. Niliona Mungu amefanya kazi kwa haraka bila kuuliza vizuri. Lakini nilisema nikiwa nyuma yake, na Mutinda hakunijibu.

Mama alipoiona besi aliketi kwenye kigoda akajishika kichwa. "Umeuza gitaa lenye mdomo ukaleta bubu!" Na ilikuwa bubu kweli. Nyumbani hakukuwa na umeme wala spika, na besi ya umeme bila umeme ni ubao wenye waya. Hilo halikumsumbua Mutinda. Aliifungua nyuma ya zizi la mbuzi, akapanga vipande vyake juu ya gunia, na wiki zile ndizo ninazozikumbuka kwa furaha, kama kuna furaha katika habari hii.

Sumaku za kunasa mlio zilikuwa sawa, lakini waya mwembamba uliozizunguka ulikuwa umeoza. Alitafuta redio mbovu, akafumua shaba iliyokuwa ndani yake, waya mwembamba kama unywele, na tukauzungusha upya kwa cherehani ya Mama. Yeye alishika sumaku, mimi nilizungusha gurudumu la cherehani pole pole. Waya ukikatika tulianza upya, na ulikatika sana. Aliyeyusha lehemu kwa moto wa makaa, akiunganisha nyaya, moshi wake ukiniwasha macho. Nyuzi zilizokuwa zimeoza alizitupa, akaweka kebo za breki za baiskeli, akazivika shaba nyembamba mpaka zikanenepa. Baba akipita alitazama na kuendelea na safari yake. Nadhani alidhani besi ni toba, kwa vile haikuwa na kelele.

Siku ya kwanza alipoiunganisha na betri ya Kimeu, ardhi ilitetemeka. Sijui niseme vipi. Niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Kimeu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alivua kofia. "Mutinda, hii kitu umeitoa wapi? Hii itaua watu!" Mutinda akacheka, macho yamejaa. Akarudi kwenye bendi akiwa mpiga besi, na kwa msimu mmoja, kuanzia mvua mpaka mavuno ya mbaazi, watu walitoka mpaka Kasikeu kuja kucheza besi ya breki. Mimi nilidhani tumemshinda Mungu kwa ujanja.

Lakini masikio yake hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yakizama. Sikujua kwamba kitu kinaweza kupotea hivyo, kidogo kidogo, kutoka juu kuelekea chini, kama maji kwenye kisima cha mchangani wakati wa kiangazi. Siku moja nilikuta ameondoa uzi mwembamba wa besi. Nikamwuliza kwa mikono, maana tulikuwa tumeshaanza kusema kwa mikono, uko wapi. Akasema, "Ule haufanyi kazi tena." Ulikuwa unafanya kazi vizuri sana. Baadaye akaondoa na wa pili. Ikabaki besi ya nyuzi mbili, zile nene tu, amezilegeza mpaka zikacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Watu wa bendi walimtania kwamba ikifika sikukuu atapiga besi isiyo na uzi hata mmoja. Alicheka nao. Mimi pia nilicheka, sikujua tunacheka nini.

Ndipo akachonga kile kipande. Alichukua mpingo aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kazi nzuri, akauchonga kwa shoka dogo, akausugua kwa majani makavu ya msasa mpaka ukang'aa, akapata mkono wa mti uliopinda kama kiwiko. Upande mmoja aliukaza kwa skrubu kwenye mwili wa besi. Upande wa pili ulipanda mpaka chini ya sikio lake. Akipiga, aliinamisha kichwa na kuukandamiza mfupa wa taya juu ya mti ule, na mlio ukapanda kwenye kebo, ukapita ubaoni, ukapita mpingoni, ukaingia ndani ya fuvu lake bila kupitia sikio. Hivyo alinieleza nilipokuwa mkubwa. Wakati ule niliona tu kaka yangu amelala shavu juu ya besi jioni nzima, midomo ikitikisika, nikadhani ananong'onezana nayo siri ambazo zamani alikuwa akinipa mimi. Niliuonea wivu ubao. Kwenye taya yake palitokea alama nyeusi, ngumu kama ya goti la mtu anayeomba sana.

Jirani yetu mmoja alisema mbele ya Mama, "Sikio la kufa halisikii dawa." Alimaanisha kuwa Mutinda alionywa juu ya dansi akakataa. Mama alimwaga maji ya kuoshea vyombo karibu kabisa na miguu yake. Nimeichukia methali ile tangu siku hiyo.

Baba ndiye aliyejua mwisho, na alijua kwa siku moja. Walikuwa wakitoka shambani, Mutinda mbele, Baba nyuma, mimi nyuma ya Baba na kibuyu cha maji. Swila alikuwa amejinyoosha njiani. Baba akapiga kelele, "Mutinda! Nyoka! Simama!" Kelele ile iliruka mpaka ng'ambo ya bonde na kurudi. Mutinda akaendelea kutembea, akipunga jembe lake, akamruka nyoka bila kumwona, akaenda zake. Nyoka naye akaenda zake. Baba aliketi palepale katikati ya njia, juu ya mchanga wa moto, bila kujali suruali yake. Nilimpa maji, hakuyachukua.

Jioni ile aliomba mvua, akawaombea ng'ombe, akamwombea Mama mgongo, akasema amina. Jina la Mutinda hakulitaja. Wala hakulitaja kesho yake. Mimi niliyekuwa nimezoea maombi yale kama wimbo niliona pengo lile kubwa kuliko nyumba.

Asubuhi moja, Mama akiwa kisimani, Baba aliniita uani. Mutinda alikuwa ameketi kwenye gogo, haelewi ameitiwa nini. Baba alivua kofia mbele yangu.

"Mwaitũ," alisema, "mimi niliomba Mungu kitu, akanipatia na nyongeza. Sasa nitarudi kwake nimwambie nini? Nimwambie sikutaka? Mungu si duka." Akapangusa pua. "Lakini wewe ni mama. Mama akibariki, hakuna wa kumwuliza. Mbariki mtoto."

Nilijua anachotaka. Wazee wetu walibariki kwa mate, wakimtemea mtu mate mepesi kifuani au mkononi, na kanisa letu lilikuwa limekataza jambo hilo kama lilivyokataza pombe. Baba mwenyewe aliwahi kusimama kanisani akawasema waliofanya hivyo. Sasa alikuwa ameshika kofia mbele ya mtoto asiye na meno ya mbele. Mdomo wangu ulikuwa umekauka kwa woga, sikupata tone. Baba akaenda mbio ndani kuniletea maji kwenye kikombe cha bati, nikanywa, nikamsogelea Mutinda, nikatema kidogo kwenye sikio la kulia, kidogo la kushoto. Nikasema maneno ambayo sikujua nimeyatoa wapi, kwamba mtoto wangu asikie, asikie ng'ombe, asikie mvua, asikie ndege. Nilipogeuka Baba alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kabla ya hapo. Alilia bila kujificha, mabega yakipanda na kushuka.

Alimshika Mutinda mikono yote miwili. "Unasikia? Mwanangu, unasikia?"

Mutinda alitazama mdomo wa Baba. Akatazama macho yake. "Nasikia, Baba," alisema.

Na mimi nikaamini! Nikaamini kwa roho yangu yote. Niliruka nyuma yake nikaita, "Mutinda!" na akageuka akacheka, wala sikuona kwamba jua lilikuwa mgongoni kwangu na kivuli changu kiliruka mbele ya miguu yake. Wiki ile nilitangaza shuleni, kisimani, njiani, kwamba nimemponya kaka yangu. Watu walijua mimi ni Mwaitũ wa mzee wa kanisa, na watu wetu, hata waliookoka, hawajaacha kabisa kuamini mate ya bibi. Habari zikafika kwa Kimeu, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akienda kwenye harusi bila kumwambia Mutinda. Akaja mwenyewe na baiskeli. "Wanasema mdogo wako amekufungua masikio. Kweli?" Mutinda akajibu kwamba ni kweli. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Acha apige. Mungu amemrudishia, mimi ni nani."

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimwuliza Mutinda kwa mikono kwa nini alidanganya. Alinijibu kwa ile sauti yake kubwa ambayo hakuweza tena kuipima. "Baba alikuwa analia. Ungefanya nini wewe? Na mimi nilikuwa nataka kupiga mara moja tena." Hospitali walikuwa wamemwambia zamani kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki. Alikuwa akijua siku zote.

Hiyo mara moja aliipata kwenye harambee ya kujenga madarasa ya shule yetu. Uwanja ulijaa, mheshimiwa mmoja alitarajiwa, mbuzi wa mnada wamefungwa kwenye ua. Bendi iliwekwa chini ya turubai, spika mbili, kipaza sauti kimoja, na betri moja ikilisha vyote. Kimeu alimwambia Mutinda atazame mguu wake: ukipiga chini twende, ukisimama tusimame. Mutinda alikubali. Na alipiga, enyi watu! Nyuzi mbili tu, lakini akina mama waliokuwa wamekuja kuuza chai waliacha sufuria. Baba aliketi kwenye viti vya wageni na mguu wake mmoja ulikuwa unagonga chini, nilimwona, bila ruhusa yake. Mimi nilijaa kifuani mpaka sikuweza kumaliza mandazi. Nilijiambia, mimi ndiye niliyefanya haya.

Wimbo ulifika pale penye utamu wenyewe, na Mutinda akafumba macho. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake tangu siku za solo. Wimbo ukimkolea, alifumba macho na kwenda nao.

Gari la mheshimiwa likaingia. Mwenye kuongoza sherehe akainua mkono, mguu wa Kimeu ukasimama, ngoma zikasimama, gitaa likasimama. Kwa kuwa kwetu hakuna jambo linaloanza bila maombi, Baba akaitwa mbele. Akavua kofia akasema kwenye kipaza sauti, "Tufumbe macho tuombe." Uwanja mzima ukainamisha kichwa. Na besi ikaendelea. *Du, du-du. Du, du-du.*

"Baba yetu wa mbinguni," Baba alianza. *Du, du-du.* Watoto wa darasa langu wakaanza kukohoa kicheko. Nilifungua macho. Mutinda alikuwa amelala taya juu ya mpingo, uso umetulia, mbali kabisa. Mti ule ulimletea mlio wake mwenyewe tu, haukuweza kumwambia kwamba wenzake wamenyamaza. Baba akapandisha sauti. "Tunakushukuru, Bwana, kwa siku ya leo." *Du, du-du.* Mtu akasema, "Huyu amelewa mbele ya Mungu?" Mwingine akasema, "Zima hiyo kitu!" Shemasi mmoja akaruka nyuma ya turubai, akavuta waya kwa nguvu, betri ikapinduka, maji yake yakamwagika mchangani yakatoa ile harufu. Spika zikafa. Kipaza sauti nacho kikafa, na maombi ya Baba yakabaki madogo, ya mtu mmoja.

Lakini Mutinda hakuhitaji betri. Vidole vyake viliendelea, kichwa chake kiliendelea kutikisika, anapiga besi isiyotoa mlio mbele ya watu wa vijiji vyote vya lokesheni yetu. Ilisikika *tik*, *tik*, ya kebo ikigonga ubao. Sasa hakuna aliyekuwa amefumba macho isipokuwa yeye. Hakuna aliyecheka tena. Hata Kimeu alitazama viatu vyake.

Baba aliacha maombi katikati. Sijawahi kumwona mtu akiacha maombi katikati kabla wala baada ya hapo. Alimtazama mwanawe, kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mwaitũ," alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie mtoto."

Nilivuka uwanja ule peke yangu. Nilipomvuta shati alifungua macho, akaniona, akatabasamu, vidole bado vinaenda. "Ni tamu, ama?" aliniuliza kwa sauti kubwa mno.

"Wamenyamaza," nikamwambia.

"Ati?"

"Wamenyamaza, Mutinda. Watu wanaomba."

Alinitazama mdomo, lakini nilikuwa nalia, na midomo ya mtu anayelia haisomeki. "Ati?" akasema tena, bado anatabasamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimemponya. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua changu, jina lake na neno lile. Mheshimiwa alisikia, mwalimu mkuu alisikia, mbuzi waliokuwa kwenye ua wakainua vichwa. Kaka yangu aliendelea kunitazama mdomo kwa upole, akisubiri nianze kusema.